Kadi Nilizozinunua kwa Jina la Neema

Jumapili, saa kumi jioni.

Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri na mpaka sasa haijakata. Jangwani kumejaa maji, mabasi ya mwendokasi yamesimama, na huku kwetu Ilala mtaa umetulia kama vile watu wote wamehama. Nimekaa peke yangu sebuleni. Albamu zangu za kadi zimo kabatini na sina hamu ya kuzigusa.

Mmezoea niweke picha hapa, niseme kadi nimeipata wapi na kwa bei gani. Leo hakuna picha. Leo nina jambo ambalo nimekaa nalo miezi mitatu, na ndani ya wiki hii moja limenitoka mikononi. Sijui hata kama nitalichapisha. Acha niandike kwanza.

Kwa aliyefika hapa leo kwa mara ya kwanza: naitwa Elia. Ni mtunza stoo kwenye duka la spea za magari la baba yangu mdogo, Gerezani. Mke wangu, Upendo, ni mwalimu wa shule ya msingi. Tuna miaka tisa ya ndoa na hatuna mtoto. Nakusanya kadi za zamani za wachezaji wa mpira, zile zilizokuwa zikitoka ndani ya pakiti za bigijii wakati baba zetu wakiwa wadogo. Mbele kuna picha ya mchezaji, nyuma kuna jina lake, kimo chake na timu yake. Watoto walizichezea mchangani, zikachanika, zikalowa, zikatupwa. Chache zilizobaki zina watu wanaozitafuta, na wengi wa watu hao wana pesa.

Mimi nina mshahara wa stoo.

Ndiyo maana nikawa fundi wa kununua rahisi. Mmezisoma mbinu zangu hapa na mkanisifu kwenye maoni. Chukua zenye pembe zilizolika, wenye pesa hawazitaki. Nunua rundo zima, maana ukichomoa moja muuzaji anajua hiyo ndiyo mali. Pita kwenye nyumba za zamani za Kariakoo zinazovunjwa kupisha maghorofa, masanduku ya vyumbani hutolewa barazani siku moja kabla. Zunguka Januari, watu wanapohangaikia ada za watoto. Na ukiiona kadi uliyoitafuta mwaka mzima, jikaushe. Uliza bei ya kitu kingine.

Ile ya Januari niliiandika kwa mbwembwe kabisa. Nimeisoma tena leo asubuhi nikaona aibu.

Kuna seti moja iliyonitesa kuliko zote. Ina kadi arobaini na nane, na nyuma ya kila kadi kuna ndege mdogo wa bluu, kwa hiyo sisi wakusanyaji tunaiita seti ya ndege. Kwa miaka sita nilikuwa nimepata thelathini na moja. Zilizobaki nilikuwa naziona kwenye simu tu, mikononi mwa watu wa nchi nyingine.

Miezi mitatu iliyopita, mchana, baba mdogo alinituma Kariakoo nikanunue chupa ya chai ya ofisini. Nikaingia duka la vyombo la Bi Salma, Mtaa wa Narung'ombe. Bi Salma ni mama wa miaka sitini na kitu, mtu wa asili ya Kiarabu, na familia yao iko pale tangu enzi za babu yake. Wanaishi juu, duka liko chini. Nilikuwa namjua kwa sura tu. Siku hiyo, katikati ya mabirika na sufuria, juu ya kaunta kulikuwa na kopo la biskuti lililofunguliwa, na ndani ya kopo kulikuwa na kadi. Ya juu kabisa ilikuwa imelala kifudifudi. Nikamwona ndege wa bluu.

Nikajikausha. Nikauliza bei ya chupa ya chai.

Ni yeye aliyeanza kuzizungumzia. Zilikuwa za kaka yake, Nasoro, aliyefariki mwaka jana. Bi Salma alikuwa akisafisha chumba cha marehemu na hakujua azipeleke wapi. Kuna mwanamume mwenye duka la vitu vya kale kule Posta aliyezichungulia, akaahidi kurudi Jumamosi na pesa.

"Lakini moyo wangu unakataa," akasema. "Yule anataka kuzitembeza kwa watalii. Nasoro alizipenda hizi. Ningempata mtoto anayezipenda hivyo, ningempa tu."

Ningeweza kumwambia ukweli. Mbele yake alikuwa amesimama mtu mzima aliyetumia miaka sita kuvitafuta vile vikaratasi. Lakini yeye alisema mtoto, na Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

"Binti yangu anazipenda sana," nikasema.

Akachangamka. "Ana miaka mingapi?"

"Saba."

"Anaitwa nani?"

"Neema."

Nieleze hapa, maana bila hili hamtaelewa nilichofanya. Neema ni jina ambalo mimi na Upendo tulimchagulia mtoto wetu. Alizaliwa miaka saba iliyopita, kabla ya siku zake, na hakupumua. Mimi na kaka yangu tulimzika mtoto, Upendo akiwa bado kitandani hospitalini. Ndugu wakatushauri tusilitaje tena lile jina ili tusahau, nasi tukatii. Miaka saba sikulitamka kwa sauti, hata ndani ya nyumba yangu. Nikaja kulitamka mbele ya kaunta ya vyombo, na umri nikautaja sawasawa, ili nipate kadi.

Na halikunikwama kooni hata kidogo.

Bi Salma akafunika kopo, akalisukuma upande wangu. "Mpelekee." Nikampa elfu kumi, kwa sababu kuchukua bure kulinitia hofu. Akaipokea shingo upande, akasema ataitoa sadaka kwa ajili ya Nasoro. Nikatoka mbiombio. Chupa ya chai nikaisahau palepale.

Nilipofika stoo nikafunga mlango, nikazipanga juu ya boksi la plagi. Kumi na moja kati ya zile nilizokosa zilikuwemo, pamoja na ile ya golikipa ambayo hakuna mtu ninayemjua aliyewahi kuishika. Hiyo moja peke yake huuzwa kuzidi mshahara wangu wa mwezi. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Jioni nikamwonyesha Upendo, nikamwambia nimezipata kwenye nyumba inayovunjwa. Akasema, "Hongera," akaendelea kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake.

Wiki iliyofuata nilikuwa napita Narung'ombe na mzigo begani nikasikia sauti ya mama ikiita, "Baba Neema." Sikugeuka. Sikujua kama ni mimi ninayeitwa. Akaita tena, safari hii akiwa ametoka hadi mlangoni. Alinipa mfuko wa tende.

"Za mjukuu wangu," akasema. "Kadi amezipenda?"

"Amezipenda mno. Amelala nazo."

Tende nikazila stoo na wenzangu. Zilikuwa tamu sana.

Kwa wiki mbili nikawa nazunguka mtaa mwingine nisionane naye. Kisha nikarudi kupita palepale, na hapa ndipo penye aibu yangu kubwa kuliko hata hizo kadi.

Nilipenda kuitwa Baba Neema.

Kariakoo nzima, wanaume wa umri wangu ni baba fulani. Wadogo zangu wawili ni baba fulani. Krismasi tukikutana nyumbani Moshi, wote wanaitana kwa majina ya watoto wao, na wakifika kwangu wanasema Elia, halafu wanatazama pembeni kidogo. Kwa Bi Salma nilikuwa na mtu wangu. Kwa hiyo nikawa napeleka habari. Neema ameng'oka meno ya mbele. Neema hataki maharage. Neema amekuwa wa nne darasani, amelia kwa sababu alitegemea wa tatu. Habari zenyewe zilikuwa zinanijia nikihesabu brekipedi stoo, na siku zilizokuja nzuri sikuweza kusubiri muda wa chakula cha mchana ufike. Bi Salma alikuwa akicheka, akiuliza maswali, akikumbuka kila nilichomwambia wiki iliyotangulia kuliko nilivyokumbuka mimi. Siku moja akaleta rangi za kuchorea. Nikampa mtoto wa mwenzangu wa kazini.

Sikukuu ya Idi ilipokaribia akaniita ndani, akanipa gauni. La kijani, la kitambaa kizuri, limefungwa riboni mgongoni. Alilishonesha kwa fundi wake.

"Nimekadiria tu," akasema. "Likimbana nirudishie lipanuliwe."

Hilo sikuweza kumpa mtoto wa mtu. Sikuweza kulipeleka nyumbani pia. Nikalificha stoo ndani ya boksi la vioo vya pembeni, boksi ambalo nalipita mara ishirini kwa siku.

Wiki iliyopita, siku ya Jumamosi, Upendo alitaka twende Kariakoo tukanunue kitambaa cha pazia. Nikampeleka Mtaa wa Kongo, mbali na Narung'ombe, nikajiona mjanja. Sikukumbuka kwamba Bi Salma naye ana miguu na ana madirisha yanayohitaji pazia. Tulikuwa tumeinamia majora ya vitambaa niliposikia sauti nyuma yangu.

"Baba Neema. Leo nimekukamata. Na huyu bila shaka ndiye Mama Neema."

Upendo akanitazama. Kisha akamtazama Bi Salma, uso ule ulivyojaa furaha. Mimi nilikuwa nimeshika ncha ya kitambaa na sikuweza kuiachia.

"Shikamoo, mama," Upendo akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu hajambo? Gauni limemkaa?"

Upendo akaliachia jora alilokuwa amelishika.

"Hajambo," akasema. "Limemkaa. Ahsante sana."

Bi Salma akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia ana mtoto mwenye akili, amtunze. Wakaagana vizuri. Mke wangu alinistiri mbele za watu, na ili anistiri ilibidi aseme kwa kinywa chake kwamba mwanawe hajambo.

Hatukununua pazia. Tulirudi kwa miguu kwa Barabara ya Uhuru, yeye mbele, mimi nyuma. Alipoingia ndani hakukaa.

"Mama yake ni nani?" akauliza.

Sikumwelewa. "Mama yake nani?"

"Huyo mtoto uliyemzaa nje ukampa jina la mwanangu. Mama yake ni nani, Elia?"

Nikamwambia hakuna mtoto. Nikamweleza yote, tangu kopo la biskuti hadi gauni. Nikatoa albamu kabatini nikamfunulia zile kadi, kana kwamba ndege wa bluu atanitolea ushahidi. Akazitazama kurasa mbili hivi. Nilisubiri anipigie kelele. Upendo si mtu wa kelele, lakini siku ile nilizitaka.

"Afadhali ungekuwa naye," akasema. "Ningelia, ningekuchukia, lakini kungekuwa na mtoto."

Kisha akauliza gauni liko wapi. Nikaenda Gerezani wakati uleule, nikamwomba mlinzi anifungulie, nikalileta. Akalitandaza kitandani. Akalinyoosha kwa viganja, akalipima kwa shubiri kutoka begani hadi kwenye pindo, taratibu, kama mtu anayesoma. Mimi nilisimama mlangoni. Nikamwambia asijali, jambo hili nitalimaliza, nitajua la kumwambia Bi Salma.

Nakiri kwamba la kumwambia nilikuwa nimeshalipata njiani. Nilipanga kusema mtoto aliugua ghafla. Ningesema mara moja, ningepokea pole, na nisingepita tena mtaa ule. Lakini huwezi kukaa na mtu miaka tisa asikujue.

"Na usiende kumwambia amekufa," Upendo akasema, mgongo kanipa. "Mara moja inatosha."

Akakunja gauni akalitia kwenye mkoba wake, akachukua nguo chache, akaenda kwa dada yake Tabata.

Wiki nzima alinitumia ujumbe mara mbili. Mara ya kwanza aliuliza kama nimenunua umeme. Mara ya pili aliuliza kama nimekwenda.

Sikuwa nimekwenda. Jumatatu nilijiambia stoo ina kazi nyingi. Jumanne nilifika kona ya Narung'ombe nikageuka. Jumatano nilijifanya nina homa, na nadhani nilikuwa nayo kweli. Alhamisi na Ijumaa sina hata la kusingizia.

Nilikwenda jana. Nilizitoa kadi zake zote kwenye albamu, nikazirudisha kwenye kopo lake, nikaenda nalo kazini. Kabla sijatoka stoo nikachomoa ile ya golikipa nikaitia mfuko wa shati. Nilijiambia Bi Salma hakuwahi kuzihesabu, hatajua. Nilitembea nayo kutoka Gerezani mpaka hatua chache kabla ya duka lake, na hapo ndipo nilipoirudisha. Siandiki hili ili nisifiwe. Naandika kwa sababu hata jana, baada ya yote yale, mkono wangu ulikwenda mfukoni.

"Baba Neema, karibu," akasema aliponiona. "Mbona umepotea?"

Nikaweka kopo juu ya kaunta. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakaniruka yote.

"Bi Salma, mimi si Baba Neema. Sina mtoto. Nilikudanganya ili unipe kadi."

Hapohapo akaingia mama mmoja anayetaka sufuria ya kupikia pilau la shughuli. Bi Salma akamhudumia. Akateremsha sufuria tatu, akazigonga mojamoja kwa kidole aonyeshe uzito wake, wakashindana bei, akamfungia kwa kamba, akamrudishia chenji. Mimi nimesimama palepale. Mteja alipotoka, akakaa kwenye kiti chake.

"Hakuna mtoto," akasema.

"Hakuna."

"Na yule mwanamke niliyemshika mkono?"

"Ni mke wangu kweli. Hakuwa anajua lolote. Alikuitikia kwa sababu hakutaka kuniaibisha pale."

"Na jina? Hilo jina ulilitoa wapi?"

Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu hospitali, na kaka yangu, na kaburi dogo. Sijawahi kumweleza mtu yeyote, nami nikaja kuyaeleza nikiwa nimezungukwa na mabirika. Nilitegemea aseme pole. Hakusema.

"Miezi mitatu," akasema, "kila nikimaliza kuswali magharibi namtaja kwenye dua. Namwombea afya. Namwombea masomo yake. Nikawa naomba hivyo, na wewe unakula tende."

"Nisamehe, mama."

"Hilo litakuja kwa wakati wake. Leo sinalo."

Akafungua kopo. Akazigeuzageuza kadi bila kuzitazama sana.

"Nasoro alikuwa na miaka sitini na nane," akasema. "Kila Ijumaa akitoka msikitini alikuwa anazipanga kitandani kumi na moja kumi na moja, kama timu zinaingia uwanjani. Mtu mzima na ndevu zake. Ungeniambia ni wewe unayezitaka, ningekupa. Nilisema mtoto kwa sababu sikudhani yupo mtu mzima mwingine kama yeye."

Nikamsaidia kulifunika kopo.

Akalichukua kopo akaliweka chini ya kaunta. Kisha akaniuliza naitwa nani. Miezi mitatu, hakuwa anajua jina langu.

"Elia."

"Gauni liko wapi, Elia?"

"Analo mke wangu. Sijui kama atalirudisha."

"Asilirudishe. Anaitwa nani?"

"Upendo."

"Mwambie Upendo nataka kumwona. Wewe usipite hapa kwanza."

Nikamtumia Upendo ujumbe nikiwa bado barabarani. Akajibu neno moja: Sawa.

Leo nimekwenda kanisani peke yangu, nikakaa benchi la nyuma, sikuomba kitu. Sikujua niombe nini ambacho sijakiharibu. Nimerudi nimelowa, nimepasha wali wa jana, nimekaa hapa kuandika. Nilitaka kumalizia kwa kusema kwamba sitanunua tena kadi kwa uongo, lakini nimeifuta sentensi hiyo mara mbili. Ni rahisi kuahidi kuhusu kadi. Kadi hazijawahi kuwa

Saa kumi na mbili na nusu.

Nimekatishwa hapo juu kwa sababu mlango uligongwa. Ni Upendo. Alikuwa na mwavuli wa dada yake na viatu mkononi. Akaweka mkoba wake karibu na mlango, akakaa kwenye kochi, akajifuta miguu kwa kanga. Nikamletea maji ya kunywa kwa sababu sikujua nimletee nini.

Amesema alipotoka kanisani hakurudi Tabata, alikwenda moja kwa moja kwa Bi Salma. Duka lilikuwa limefungwa. Akapanda juu, akabisha hodi.

"Nimemwambia kuhusu Neema," akasema.

Ni mara ya kwanza kulisikia jina hilo kwa sauti yake tangu mwaka ule. Nikasema hata mimi nilimwambia jana.

"Wewe umemwambia alikufa. Mimi nimemwambia alikuwaje."

Alikuwa na nywele nyingi, Upendo amesema, nyeusi, zimelala upande mmoja. Alikuwa na vidole virefu kama vya mama yangu. Nilimtazama nisielewe. Miaka saba nimeamini kwamba hakumwona, kwamba walimwondoa mtoto kabla yeye hajaamka vizuri. Kumbe nesi mmoja alimpa amshike, mimi nikiwa nje na kaka yangu tukitafuta gari. Alimshika karibu nusu saa. Hakuwahi kuniambia kwa sababu mimi sikuwahi kuuliza, na watu wote walisema tusitaje.

"Bi Salma ameniuliza alizaliwa siku gani," akasema. "Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza."

"Ilikuwa Jumatano," nikasema.

Akageuka akanitazama. Ni mara ya kwanza kunitazama tangu aingie.

"Ilikuwa Jumatano," akasema.

Nikamuuliza kama walinizungumzia mimi. Akasema hapana. Hakusema kwa hasira. Walikuwa na mambo mengine ya kuzungumza, basi. Bi Salma amemwalika arudi Ijumaa, na atarudi.

Sasa yuko jikoni anachemsha chai. Mkoba bado uko mlangoni, hajaufungua, na sijui kama amerudi au amepita tu kuniambia. Sitamuuliza hilo leo. Nimekwenda hadi mlango wa jikoni nikamuuliza kama naweza kukaa naye. Ameiondoa ndoo iliyokuwa juu ya kile kiti kingine.

Nafunga hapa. Nataka anisimulie tena kuhusu vidole.